Kutoka mwaloni hadi kitabu cha bajeti: mwongozo kamili wa mwananchi wa Mwanza kushiriki maamuzi ya halmashauri yake

Kiongozi mkubwa akipita Buhongwa, Magu au Sengerema, mabango hunyanyuka. Moja linadai maji, jingine barabara, jingine limeandikwa kwa mkaa kwamba kuna mtu kauza kiwanja cha shule. Kiongozi anasimama, anamgeukia mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi anaahidi, watu wanapiga makofi, msafara unaondoka. Mara nyingine ahadi hutimia. Isipotimia, si lazima mtu awe amesema uongo. Fedha za mwaka huo zilikwisha kugawanywa kwenye vikao ambavyo wenye mabango hawakuhudhuria.

Mwongozo huu unahusu vikao hivyo. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: mwalo wa dagaa, yaani ufuko wa kutia nanga mitumbwi na kushusha dagaa, usio na choo. Mtu wa Kayenze, Ukara au visiwa vya Buchosa hahitaji maelezo marefu. Mamia ya watu wanashinda pale, wanajisaidia vichakani na pembezoni mwa maji, kisha maji hayohayo yanachotwa, watoto wanaogelea humohumo, na kichocho hakiishi. Choo hicho kinapatikanaje kwa fedha za umma?

Jua kwanza mzigo ni wa nani

Nimeona mikutano ikiteketeza saa tatu kumlaumu mtendaji wa mtaa kwa barabara ambayo hana hata senti yake moja. Kabla ya kufungua mdomo, tafuta mwenye kazi.

Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya mjini Mwanza ni ya MWAUWASA, ya vijijini ni ya RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Vivuko vya serikali viko TEMESA, umeme TANESCO. Vyombo hivi vyote ni vya serikali kuu. Diwani anaweza kuvisema barazani na wakasikia, lakini fungu la fedha haliko mikononi mwake.

Kinachobaki kwa halmashauri bado ni kingi: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, mialo, taka, vyoo vya umma, ushuru na sheria ndogo. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Choo cha mwaloni kimo humo, tena kina faida moja ambayo hoja nyingine hazina: halmashauri inakusanya ushuru pale pale mwaloni. Shika hilo, tutalitumia.

Tofauti nyingine ni kati ya kijiji na mtaa. Kijiji ni mamlaka kamili. Mkutano Mkuu wake ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji. Kijiji kina akaunti yake, kinasimamia ardhi yake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kinaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna meno hayo. Kamati ya mtaa inajadili, inapendekeza na kupeleka juu, basi. Ndiyo maana mkazi wa Nyamagana au Ilemela anahitaji kuifuatilia kata na halmashauri kwa karibu zaidi kuliko ndugu yake wa Ukerewe.

Fuata kalenda yao

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Fedha zitakazotumika kuanzia Julai huanza kupangwa karibu na Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia, mwongozo wa bajeti unapotoka Wizara ya Fedha. Kwa kawaida vijiji na mitaa huibua vipaumbele Novemba na Desemba, Kamati ya Maendeleo ya Kata hukaa baada ya hapo, wataalamu wa halmashauri huchambua mwezi Januari, na Baraza la Madiwani hupitisha rasimu Januari au Februari. Kisha makabrasha yanakwenda mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka Juni. Atakayesimama Mei kudai choo anaombea mwaka mwingine kabisa.

Kwetu kalenda hii ina ubaya wake. Novemba na Desemba ni miezi ya mvua na kilimo. Usukumani watu wako shambani alfajiri, na mkutano wa saa nne asubuhi unakusanya wazee, wajumbe na watoto wa shule. Ukitaka watu, omba mkutano ufanyike jioni, na epuka siku ya mnada.

Mwaloni kuna kalenda nyingine juu ya hiyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Hizo ndizo siku za kuitisha mkutano. Ofisa akipanga tarehe bila kuangalia mwezi, atapata mahudhurio ya watu kumi na tano, kisha ataandika kwenye ripoti kwamba wavuvi hawana mwamko.

Andaa hoja kabla ya mkutano

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapokimbilia kupiga kelele.

Anza na hesabu. Kaa mwaloni siku moja ya kazi, muwe wawili au watatu, mhesabu watu wanaofika tangu mitumbwi inapotia nanga hadi jua la saa kumi: wavuvi, wabebaji, mama wa dagaa, wachuuzi, madereva. Andika wanaume na wanawake kando kando, kwa sababu idadi ya matundu ya choo itatokana na hapo. Rudia siku nyingine. Ofisa mipango akikutana na karatasi yenye tarehe, saa na idadi, hawezi kuijibu kwa maneno matupu.

Nenda zahanati ya karibu ukaombe idadi ya wagonjwa wa kuhara na kichocho kwa miezi iliyopita. Usiombe majina, omba jumla. Mganga mfawidhi kwa kawaida anazo kwenye taarifa zake za mwezi, na mara nyingi yeye mwenyewe anatamani mtu wa kumsaidia kuzisemea.

Halafu ardhi. Miradi mingi midogo hufa hapa. Choo kinajengwa wapi? Kiwanja ni cha kijiji, cha halmashauri, au ni cha mtu aliyetoa kwa mdomo na kesho wanawe watakikana? Pata barua. Mwaloni kuna mtego wa ziada: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kikundi kinachoweka choo chake hatua ishirini kutoka majini kinampa mtaalamu sababu ya kulirudisha kabrasha. Pima kwa kamba, chagua sehemu iliyo juu, na muite ofisa afya wa kata aione kabla hamjaiandika.

Mwisho, nguvu za wananchi. Utaratibu wa kupanga kutoka ngazi ya chini, unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unatilia mkazo jitihada za jamii. Kanda ya Ziwa wanaujua siku nyingi: watu wanajenga boma, serikali inamalizia. Mawe Mwanza hatununui, tunayakalia. Mchanga, mawe na kuchimba shimo ni mchango unaohesabika kwa shilingi, kwa hiyo uhesabuni na muuandike. Ila nina tahadhari. Msianze boma kabla ya kupata neno la maandishi kutoka halmashauri kwamba mradi umo kwenye mpango. Nchi hii ina maboma ya kutosha yaliyoota miti ndani.

Mwaloni mna chombo cha kushirikisha tangu hapo: kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU. Kinatambuliwa na kanuni za uvuvi, kina kamati, kina ofisa uvuvi anayekifahamu. Hoja ikitoka BMU na mkutano wa kijiji kwa pamoja, inasikika idara mbili.

Siku ya mkutano

Mkutano Mkuu wa Kijiji wa kawaida unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wa mtaa nao una ratiba yake. Usipoitishwa, usiishie kulalamika kijiweni. Andika barua fupi kwa mwenyekiti ukiomba mkutano, weka saini za wakazi, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Kimya kikiendelea, barua ya pili iwe na nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Neno “nakala” chini ya barua lina nguvu kuliko maneno makali juu yake.

Hoja yako iwe kwenye ajenda. Mengineyo ni mahali pa kuzikia hoja, kwa sababu watu wanakuwa wamekwisha kusimama na kukung'uta nguo. Mpelekee mwenyekiti na mtendaji siku kadhaa kabla, kwa maandishi.

Ukipewa nafasi, sema kwa dakika tatu. Kitu kama hiki:

“Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wajumbe, shikamooni wazee wangu. Mwalo wetu unapokea watu hawa kwa siku, hesabu hii hapa, nakuletea nakala. Choo hakuna. Zahanati inasema kuhara na kichocho ni hivi kwa miezi mitatu. Eneo tunalo, barua hii hapa, na ofisa afya amelikagua. Wananchi tunatoa mawe, mchanga na shimo. Tunaomba mkutano upitishe kwamba choo cha mwaloni ndicho kipaumbele cha kwanza cha kijiji kwa mwaka wa fedha ujao, na iandikwe hivyo.”

Maneno matatu ya mwisho ndiyo uliyoyafuata. Muhtasari ndio unaosafiri kwenda kata, wewe unabaki. Hoja iliyopigiwa makofi lakini haikuandikwa, huko juu haipo. Baada ya mkutano mwombe mtendaji akusomee ilivyoandikwa. Kama imeandikwa “wananchi waliomba huduma ziboreshwe”, mwombe kwa heshima aandike choo, aandike mwalo, aandike kipaumbele cha kwanza. Mkutano unaofuata, kwenye yatokanayo, uliza imefika wapi.

Akina mama nao wasiachwe pembeni. Wanaoanika dagaa ndio wanaokaa mwaloni saa nyingi zaidi, ndio wanaoteseka zaidi kwa kukosa choo, na ndio wanaoketi nyuma kimya wakati wenye mitumbwi wanaongea. Kaa nao kabla, wachague msemaji wao, na mwenyekiti aombwe mapema ampe nafasi mtu huyo kwa jina. Diwani wa viti maalumu wa eneo lenu anaweza kuwasaidia sana hapa.

Jambo jingine: mkutano wa kijiji au mtaa ni wa wakazi. Sare za chama na nyimbo za chama zibaki nyumbani. Hoja ikishabandikwa rangi, nusu ya watu wataipinga bila kuisikiliza, hata kama nao wanakosa choo.

Kata: mahali pa kushindana na majirani

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe. Kila mmoja anakuja na kipaumbele chake namba moja. Fedha hazitoshi vyote, kwa hiyo kikao kinapanga upya.

Mwenyekiti wako akienda peke yake na karatasi, atarudi peke yake na karatasi. Zungumzeni na vijiji vya jirani kabla. Wachuuzi wanaotumia mwalo wanatoka kata nzima, hata nje yake. Omba wenyeviti wao waiseme. Nanyi mkubali kuwaunga mkono kwa darasa lao mwaka unaofuata. Hayo ni mapatano ya kawaida, na hayana ubaya yakiwa wazi. Mtafute diwani kabla ya kikao, umpe ukurasa mmoja wenye namba. Madiwani wengi wanazungumza barazani kwa kichwa, na anayewapa takwimu wanamkumbuka.

Halmashauri: kitabu ndicho cha kuangalia

Hoja ikivuka kata inaingia kwa wataalamu, kisha kamati za kudumu, hasa ya Fedha, kisha Baraza kamili. Kamati zinakaa faragha. Baraza ni la wazi na hukutana kila robo mwaka. Mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza, ingawa hana nafasi ya kuzungumza. Nenda. Vaa vizuri, fika mapema, andika. Diwani akijua watu wake wako ukumbini, sauti inabadilika.

Sasa ule ushuru. Uliza mwalo wenu uliingiza kiasi gani kwa mwaka kupitia mashine za POS. Weka namba hiyo mbele ya gharama ya choo. Hakuna hoja yenye nguvu kuliko hii kwa ofisa mapato: mwalo mchafu unafukuza wanunuzi, na wanunuzi wakihamia mwalo mwingine ushuru unahama nao.

Taarifa hizo una haki nazo. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kufikia uamuzi unaomhusu, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la raia ndani ya siku 30. Barua iwe fupi:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya …*
*YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA USHURU NA MIRADI YA MWALO WA …*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji cha …, kata ya …. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (1) jumla ya ushuru uliokusanywa mwalo huu kwa mwaka wa fedha uliopita, (2) miradi ya mwalo huu iliyomo kwenye bajeti ya mwaka huu na kiasi kilichotengwa. Naomba majibu kwa maandishi kupitia anwani iliyo hapo juu.*
*Nakala: Mheshimiwa Diwani, Kata ya …*

Ipeleke masijala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri siku 30 hazina mwanzo. Omba vitu viwili au vitatu vinavyoeleweka. Anayeomba “taarifa zote za matumizi tangu mwaka 2015” anajitafutia sababu ya kunyimwa.

Bajeti ikipita, tafuta mradi wenu kwa jina na kiasi chake. Kama haumo, uliza umetolewa ngazi ipi na kwa sababu gani. Sababu ikiwa ardhi au mchoro, hiyo mnaweza kuirekebisha kabla ya Oktoba.

Sheria ndogo na ushuru mpya

Wengi hushtuka siku mgambo wanapokuja kukusanya. Halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo, iwe ya ushuru wa dagaa, faini ya taka au ada ya kibanda, inatakiwa kuwatangazia wakazi nia yake na kupokea pingamizi kabla ya kuipeleka kwa Waziri. Tangazo hubandikwa ubao wa halmashauri na wa kata, mahali ambapo mvuvi hapiti. Chagueni mtu wa kupita kwenye ubao huo kila wiki na kupiga picha. Pingamizi lenu liandikwe kwa kifungu: namba ya kifungu, athari yake, na maneno mnayopendekeza badala yake. “Hatutaki ushuru” haisaidii. “Ushuru utozwe kwa gunia la dagaa wakavu, usitozwe tena kwenye kizuizi” inaweza kuingia.

Kwa miswada ya kitaifa njia ni Kamati za Bunge, ambazo hualika maoni ya wadau. Muda huwa mfupi, na safari ya Dodoma ni ghali, hivyo tumeni maandishi mapema na mpelekeeni mbunge nakala.

Fedha zikifika

Mradi ukipata fedha, wananchi huchagua kamati ya kusimamia ujenzi na kupokea vifaa. Chagueni watu wanaojua simenti, na wanaoweza kukataa. Mjumbe asisaini hati ya kupokea mifuko ambayo hajaihesabu, hata kama gari limefika usiku na dereva ana haraka. Daftari la stoo likae mahali ambapo mwananchi anaweza kuliomba. Kiasi cha mradi kisomwe kwenye mkutano mkuu, pamoja na kilichotumika.

Mambo yakiharibika, pandeni ngazi kwa ngazi: mtendaji, diwani, mkurugenzi, mkuu wa wilaya. Malalamiko yanaweza pia kutumwa kwa mfumo wa e-Mrejesho kupitia *152*00#. Penye dalili ya rushwa, TAKUKURU wana ofisi wilayani, na kupitia TAKUKURU Rafiki hufika kwenye kata kusikiliza kero za miradi. Kila Aprili ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa huwasilishwa bungeni. Tafuteni jina la halmashauri yenu humo, kisha diwani aulizwe hoja hizo zimejibiwaje.

Na kabla choo hakijafunguliwa, mkutano uamue nani atakisafisha, atalipwa na nani, na kama kuna ada, ni kiasi gani na inasomwa lini. Fundi akimaliza kazi Juni na uamuzi huo haujafanyika, kufikia Agosti mlango utakuwa na kufuli, na ufunguo hajulikani anao nani.